Stetasi ya usiku, barua ya asubuhi

Jamaa yangu ni karani katika kaunti moja ya huku magharibi mwa Kenya. Usiku mmoja baada ya chakula aliweka stetasi ya WhatsApp: picha ya barabara ya mtaani kwao imejaa maji, na chini yake maneno matano, "Kura yangu 2027 naijua inakoenda." Akalala. Wiki iliyofuata afisa wa wafanyakazi alimwita akamkabidhi barua ya kujieleza. Siku saba awe amejibu.

Alinitafuta Kondele, mjini Kisumu, barua ikiwa kwenye bahasha ya kaki, tukaagiza chai. Tuliisoma mara mbili. Hakukuwa na neno siasa popote. Kulikuwa na "utovu wa nidhamu" na "kuishushia ofisi hadhi". Akaniuliza swali ambalo nimelisikia tangu Nakuru hadi Busia, kwa walimu, wauguzi na hata kwa chifu mmoja mstaafu: "Kwani mimi si mwananchi?"

Ni mwananchi. Katiba ya 2010, Ibara ya 33, inampa uhuru wa kujieleza. Ibara ya 38 inampa uhuru wa kufanya uamuzi wa kisiasa, na hakuna mahali ibara hiyo inaposema "isipokuwa walioajiriwa na serikali". Mikono ya sheria inamfikia kwa njia nyingine, kupitia cheo chake. Na kwenye simu, jina la mtu, cheo chake na maoni yake vimekaa kioo kimoja. Anayekufahamu kama "yule wa afisi ya ardhi" anaisoma stetasi yako kama neno la afisi ya ardhi.

Kwa zaidi ya miaka 20 msingi wa mambo haya ulikuwa Sheria ya Maadili ya Maafisa wa Umma ya 2003. Hiyo ilimkataza afisa kuunga mkono au kupinga chama au mgombea akiwa katika kazi yake au kwa jambo linalohusiana na kazi yake. Wengi walishika hapo na bado wameshikilia: nikitoka kazini saa kumi na moja, nikiwa na simu yangu na bando langu, mimi ni mtu huru. Sheria hiyo sasa imeondolewa, nafasi yake ikachukuliwa na Sheria ya Mgongano wa Maslahi ya 2025. Lakini hata kabla haijaondolewa, ilikuwa imekwisha kupitwa na Sheria ya Uongozi na Maadili ya 2012, ambayo kifungu chake cha 23 kinabana zaidi.

Kifungu hicho kinafaa kusomwa polepole, maana ndipo watu wanapoteleza. Sehemu ya kwanza inazungumza na maafisa wa Serikali walioteuliwa, yaani wale wakubwa, na inawakataza kuegemea upande "wanapotekeleza majukumu yao". Sehemu ya tatu inazungumza na afisa wa umma wa kawaida, karani na muuguzi na mwalimu, na hapo maneno "wanapotekeleza majukumu yao" hayapo. Inasema tu kwamba afisa wa umma hatashiriki shughuli za chama au mgombea, wala hataonyesha hadharani kwamba anaunga mkono au anapinga chama au mgombea anayeshiriki uchaguzi. Saa za kazi hazikutajwa. Jumapili haikutajwa. Ukiiangalia vizuri, mdogo amebanwa kuliko mkubwa, jambo ambalo kwangu limekaa upande. Tena sehemu ile ya kwanza iliwaacha nje Mawaziri na wajumbe wa kamati tendaji za kaunti, ndiyo maana unamwona Waziri jukwaani na kofia ya chama huku dereva wake akiogopa hata kubonyeza alama ya kupenda. Suala hilo la Mawaziri limewahi kufikishwa mahakamani, na bado kila kampeni linaibuka upya.

Turudi kwenye maneno. "Hadharani" ni wapi? Kifungu hakisemi ni watu wangapi. Ukurasa wa Facebook ulio wazi kwa dunia nzima hauna ubishi. Grupu la WhatsApp la watu 200 wa kijijini Vihiga, ambamo mna diwani, mchungaji na wapambe wa pande zote, ningelihesabu kuwa hadharani hata kama wakili angeweza kubisha. Stetasi inayoonwa na watu waliohifadhi namba yako iko katikati, na katikati ndiko watu wanakoumia. Kumbuka pia kwamba anayekupeleka kwa bosi huwa si mgeni. Ni mtu aliye na namba yako.

"Mgombea anayeshiriki uchaguzi" nayo ina mlango wake. Uchaguzi mkuu ujao ni tarehe 10 Agosti 2027, Jumanne ya pili ya mwezi kama Katiba inavyotaka. Mtu aliyetangaza tu kwenye mazishi kwamba anautaka ugavana, je, ni mgombea anayeshiriki uchaguzi? Wakili mzuri atasema bado. Ila vyama vipo mwaka mzima, na sehemu ya pili ya kifungu hichohicho inakataza shughuli yoyote ya kisiasa inayoweza kuharibu, au hata kuonekana kuharibu, kutoegemea upande kwa ofisi. Hilo "kuonekana" ni kokoro. Likishatupwa ziwani halichagui omena na mbuta. Sheria ya Vyama vya Siasa ya 2011, kifungu cha 12, inarudia karibu marufuku hiyohiyo na kuongeza kwamba afisa wa umma hawezi kuwa mwanachama mwanzilishi wa chama wala kushika wadhifa chamani. (Hapo kando: mwaka 2021 Wakenya wengi walishtuka kukuta wamesajiliwa kwenye vyama ambavyo hawajawahi kuvikanyagia mlango. Ukiwa mfanyakazi wa serikali, ingia eCitizen uangalie jina lako liko wapi kabla mwingine hajakuangalilia.)

Polisi wamewekewa ukuta mrefu zaidi. Ibara ya 239 inakataza vyombo vya usalama wa taifa na kila aliyemo ndani yake kuegemea upande, kuendeleza maslahi ya chama au kuhujumu msimamo wa kisiasa ulio halali. Hii ni Katiba yenyewe. Koplo anayeposti wimbo wa kampeni akiwa na sare hana pa kujitetea.

Sasa, je, kulalamika ni siasa? Hapa ndipo wakubwa wengi wa ofisi wanapochanganya mambo, wengine kwa makusudi. Chukulia muuguzi wa Kisumu anayeandika kwamba tangu Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, ianze kazi tarehe 1 Oktoba 2024 mahali pa mfuko wa zamani wa bima ya afya, NHIF, wagonjwa wanarudishwa nyumbani kwa sababu mtandao umelala. Hakutaja chama. Hakutaja mgombea. Amesema jambo la huduma analolishuhudia. Kifungu cha 23 hakimhusu hata kidogo. Anachoweza kukutana nacho ni kanuni nyingine: za siri za ofisi, za picha za wagonjwa, za nani anaruhusiwa kuisemea hospitali. Akiweka picha ya wodi yenye sura za wagonjwa, kosa lake lipo, nalo ni la faragha. Akiongeza mstari mmoja mwishoni, "ndiyo maana 2027 tunamtoa", basi amelichukua lalamiko halali akalifunga kwenye mkia wa kampeni, na barua itauzungumzia mkia tu.

Jamaa yangu hapo ndipo aliponasa. Barabara yenye maji ilikuwa hoja yake kama mlipa kodi. Lile la kura ndilo lililompa mtu kamba.

Sentensi hiyohiyo ikitoka kwa katibu wa tawi la chama cha wafanyakazi hubadilika uzito. Ibara ya 41 inalinda haki ya kujiunga na chama cha wafanyakazi, kushiriki shughuli zake na kugoma. Madaktari walipogoma mwaka 2024, kuanzia katikati ya Machi hadi wiki ya pili ya Mei, viongozi wao walisema maneno makali kuliko stetasi yoyote ninayoijua, na waliyasema kwenye runinga. Walisema kwa kofia ya chama chao. Ndiyo maana mwalimu mwenye lalamiko la mshahara au uhamisho hufanya vyema kulipitisha kwa vyama vya walimu, KNUT au KUPPET, badala ya kulimwaga kwenye TikTok saa sita za usiku.

Oktoba 2025 ilileta mtihani ambao huku kwetu kila mtu aliufanya bila kujua ni mtihani. Raila Odinga, kiongozi wa chama cha ODM, alifariki tarehe 15 huko India. Siku tatu baadaye mwili wake uliletwa uwanja wa Jomo Kenyatta, Mamboleo, watu wautazame, na tarehe 19 akazikwa Bondo. Juma lile sikuona simu Kisumu isiyokuwa na picha yake. Makarani, walimu wakuu, maafisa wa usalama, wote. Je, walivunja sheria? Hapana, huo ulikuwa msiba, na taifa lenyewe lilikuwa limetangaza maombolezo. Lakini kabla ya matanga kwisha, kuna waliobadilisha maneno chini ya picha ileile: fulani ndiye atakayeshika usukani, fulani ni msaliti. Picha haikubadilika. Kilichobadilika ni kwamba maombolezo yalikuwa yamegeuka kampeni. Na kwa kuwa ODM tangu makubaliano ya Machi 2025 ilikuwa ikifanya kazi na serikali, mtumishi aliyedhani anaposti kama mpinzani alijikuta akiposti kama mtetezi wa serikali, na kinyume chake. Siasa za ziwani hugeuka kama upepo wa alfajiri, ila skrinishoti haigeuki.

Anayesema sheria hizi ni za kuwafunga watu midomo tu, namwomba akumbuke Nakuru ya Januari 2008. Tume ya Waki ilihesabu watu 1,133 waliouawa nchini katika ghasia zilizofuata uchaguzi wa 2007. Kisumu risasi zilipiga, Nakuru na Naivasha majirani walifukuzana kwa mapanga. Katika mtaa wa namna hiyo, chifu au mkuu wa shule akiandika jambo linaloelekea upande mmoja, upande wa pili haulisomi kama maoni ya mtu. Unalisoma kama serikali imesema. Kutokana na ghasia hizo tukapata Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ya 2008, ambayo kifungu chake cha 13 kinaadhibu matamshi ya chuki kwa faini isiyozidi shilingi 1,000,000, au kifungo kisichozidi miaka mitatu, au vyote viwili. Kabla ya uchaguzi wa 2022 tume inayosimamia sheria hiyo ilitoa orodha ya maneno ya hatari, na "madoadoa", neno la kuwaita majirani wa kabila jingine wageni wa kufukuzwa, lilikuwamo. Mtu wa Molo, kule Nakuru, hahitaji kuelezwa kwa nini. Hapa uhuru wa Ibara ya 33 hauna hata la kujitetea nalo, kwani ibara yenyewe imeyatoa matamshi ya chuki na uchochezi nje ya ulinzi wake. Haijalishi umeajiriwa na nani.

Kuna vitisho vingine, lakini, ambavyo vimekwisha kufa na bado vinatembea maofisini. Bosi akikuambia utashtakiwa kwa "kutumia vibaya chombo cha mawasiliano", kifungu hicho cha 29 cha sheria ya mawasiliano kilifutwa na Mahakama Kuu mwaka 2016 katika kesi ya Geoffrey Andare. Kosa la "kudhalilisha mamlaka ya afisa wa umma", kifungu cha 132 cha Kanuni ya Adhabu, lilianguka 2017 katika kesi ya Robert Alai. Kukashifu kama jinai, kifungu cha 194, nako kulianguka mwaka huohuo, ingawa unaweza bado kudaiwa fidia. Mahakama hazikuwa kimya. Pamoja na hayo siwezi kuandika kama vile hofu yote ni ya kudhaniwa. Albert Ojwang, mwalimu na mwanablogu, alichukuliwa kwao Homa Bay tarehe 7 Juni 2025 kwa sababu ya machapisho ya mtandaoni kuhusu Naibu Inspekta Jenerali wa Polisi, Eliud Lagat. Alisafirishwa hadi Nairobi, akafa akiwa mikononi mwa polisi. Uchunguzi wa maiti ulipinga maelezo ya polisi kwamba alijiumiza mwenyewe. Hayo hayamo katika kifungu chochote cha nidhamu, na hakuna ushauri wa kuposti kwa hekima unaoyajibu.

Kwa walio wengi adhabu huja kimyakimya zaidi. Kwanza, kama nilivyosema, barua mara nyingi haitaji siasa. Kifungu cha 44 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kinahesabu lugha ya matusi kwa mwajiri au kwa mkubwa wa kazi kuwa kosa kubwa linaloweza kumfukuzisha mtu papo hapo, na ni rahisi kuliita chapisho "tusi" kuliko kuthibitisha kwamba limeegemea chama. Jibu la barua lazima lilijue hilo: liulize tusi ni neno gani.

Pili, njia ina hatua, na mwajiri akiruka hatua hujikwaa. Ibara ya 236 inasema afisa wa umma hatafukuzwa, hatashushwa cheo wala kuadhibiwa bila utaratibu wa sheria kufuatwa. Kifungu cha 41 cha Sheria ya Ajira kinamtaka mwajiri amweleze mfanyakazi kosa lake kwa lugha anayoielewa, mbele ya mfanyakazi mwenzake au mwakilishi wa chama, na asikilize majibu. Kifungu cha 5 kinakataza kumbagua mfanyakazi kwa maoni yake ya kisiasa. Skrinishoti nayo haiji mahakamani peke yake kama ushahidi wa kielektroniki; Sheria ya Ushahidi, kifungu cha 106B, inataka hati ya kuonyesha ilitolewa vipi na kwa kifaa gani. Katika vikao vya nidhamu hawawi wakali hivyo, lakini kuomba kuonyeshwa chapisho lote, pamoja na tarehe na kilichotangulia, ni haki yako. Nimeona kesi iliyoyeyuka kwa sababu nusu ya mazungumzo ilikuwa imekatwa.

Ukishafukuzwa usikimbilie mahakama ya ajira ya Kisumu au ya Nakuru kabla ya wakati. Mfanyakazi wa kaunti hukata rufaa kwanza kwa Tume ya Utumishi wa Umma, kwa mujibu wa kifungu cha 77 cha Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012, na majaji wamewarudisha wengi walioiruka. Mwalimu ana kamati ya mapitio ndani ya Tume ya Utumishi wa Walimu, TSC. Ukifika mahakamani na ukashinda, fidia kwa kufukuzwa isivyo haki haizidi mshahara wa miezi 12. Watu husikia "alishinda kesi" wakadhani alirudi kwenye kiti chake. Kurudishwa kazini ni nadra.

Tatu ni uhamisho, na huu ndio fimbo yenyewe. Uhamisho hauitwi adhabu. Barua yake husema "mahitaji ya kazi". Kutoka Nakuru mjini hadi pembe ya Kuresoi, kutoka Kakamega hadi kaunti usiyowahi kuiona isipokuwa kwenye ramani, na huna kosa lililoandikwa unaloweza kulipinga. Aliye kwenye mkataba ana hali ngumu kuliko huyo: mkataba unakwisha, haurefushwi, basi. Hakuna aliyefukuzwa.

Halafu kuna jambo ambalo sheria imelisema wazi na ofisi zimeamua kutolisoma. Marufuku ni ya kuunga mkono na ya kupinga pia. Anayeandika "Gavana wetu, mihula miwili" kutoka ofisi ya kaunti amevunja kifungu kilekile. Lakini nenda kwenye kurasa za wafanyakazi wa kaunti yoyote huku utaona fulana, nyimbo na picha za mapokezi, wakati mwingine zimewekwa saa nne za asubuhi siku ya kazi. Kuna wanaoambiwa kwenye grupu la idara wasambaze chapisho la mkubwa, na orodha ya waliosambaza inahesabiwa. Sijawahi kuona barua ya kujieleza kwa mtu aliyesifu. Ukiambiwa usambaze, hifadhi ujumbe ulioamrisha. Siku serikali ya kaunti ikibadilika, uliyekuwa ukisifu kwa amri utaulizwa kama uliyesifu kwa hiari.

Wengine hudhani jina la bandia ni kinga. Australia kulikuwa na mtumishi wa idara ya uhamiaji, Michaela Banerji, aliyeandika maelfu ya jumbe za Twitter bila kutaja jina lake, akiikosoa sera ya idara yake. Aligunduliwa, akafutwa kazi, na Agosti 2019 Mahakama Kuu ya huko ikasema kufutwa kwake hakukuvunja katiba yao. Hukumu hiyo haiifungi mahakama ya Kenya, na Katiba yetu inautaja uhuru wa kujieleza waziwazi kuliko yao. Lakini kule Australia kuna mamilioni ya watu wa kujificha kati yao. Afisi ya wadi ina watu sita, na wote wanajua nani huandika "hahaha" yenye h tano.

Barua ya jamaa yangu tuliijibu kurasa mbili. Wa kwanza ulisema picha ni ya barabara, kura ni siri na hakuna chama wala mtu aliyetajwa, na ukaomba aelezwe tusi ni lipi. Wa pili nilimshauri aukate. Ulikuwa na picha tatu kutoka grupu la idara, za mkubwa wake akimpongeza mgombea kwa jina, zote za mwezi uleule. Akasema bila huo wa pili, wa kwanza hauna maana. Akaupeleka.

Hakupata jibu. Baada ya majuma matano ikaja barua nyingine, fupi, ya kumhamishia ofisi ndogo iliyo mpakani mwa kaunti kwa mahitaji ya kazi. Sasa hupanda matatu mbili na boda asubuhi, na stetasi yake ni matokeo ya mechi za Gor Mahia.